Pikapu Mbili Zinazolingana

Benchi liko mbele ya kibanda cha fundi saa, limefungwa mnyororo kana kwamba kuna mtu ana haja nalo. Wanaolikalia asubuhi ni walewale. Yuko Gia, dereva mstaafu wa malori, aliyestaafu kuendesha lakini hajastaafu kusimulia. Yuko Msomi, mwenye kibanda, anayetengeneza saa za watu na kuchelewa kuzirudisha. Yuko Bingwa, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye hajawahi kumiliki gari wala hajawahi kukosa la kusema kuhusu magari. Kahawa ni ya Bi Mkubwa, na hakopeshi. Jumamosi hiyo kulikuwa na jambo jipya la kutazama: pikapu nyeupe iliyozimika hatua kumi kutoka hapo na kukataa katakata kuwaka. Mwenyewe wanamwita Mkate, kwa sababu ndiye anayesambaza mikate madukani.

Mkate alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa njiani na pikapu inayolingana na ile kwa urefu na kwa uzito, aje aivute hadi gereji ya bondeni kabla haijafungwa saa saba. Isipofika leo, Jumatatu mikate itapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Hilo benchi zima lilijua. Lisilolijua ni kwamba breki za pikapu hiyo zilikuwa zimekwisha. Wiki ya tatu sasa pedali ilizama mpaka chini, na Mkate alikuwa akisimama kwa kuipiga piga, kwa kupunguza gia na kwa kumwomba Mungu. Hakumwambia mtu. Mpango wake ulikuwa fundi azitengeneze kimyakimya pamoja na hiyo injini, yaishe. Alikuwa anaogopa, ila mwenyewe alikuita kuvuta subira.

— Kwanza kamba, alianza Gia. Mita nne, tano hivi. Ikizidi hapo gari la nyuma linapata uhuru.

— Uhuru wa nini? aliuliza Msomi.

— Wa kwenda linakotaka.

— Mita moja na nusu inatosha, alisema Bingwa. Yakikaribiana yanazoeana.

— Yanazoeana! Haya magari au maharusi?

— Cheka tu, mzee wangu. Lori likivuta kigari, kigari kinajua nafasi yake. Haya mawili yanalingana. Kila moja linajiona ndilo linalovuta.

Gia alitaka kubisha, akapuliza kahawa yake. Kulikuwa na kitu ndani ya maneno hayo kilichokaribia ukweli, na hakupenda kimetoka kwa kinyozi.

— Mnasahau kamba yenyewe ni ya aina gani, alisema Msomi. Nailoni inavutika. Ikivutika inaweka nguvu, kama springi ya saa. Ukipata ya kuvutika sawasawa, gari la mbele linatangulia, linafika gereji, linaegesha, linazima. Dereva anaagiza chai. La nyuma linakuja lenyewe.

— Linakuja na nani?

— Na nguvu iliyowekwa.

Bi Mkubwa aliwamiminia kahawa. Alikuwa amesikia makubwa kuliko hayo kwenye benchi hilohilo.

— Mimi ningeligeuza, alisema Bingwa. Livutwe kinyumenyume. Gari likienda nyuma linadhani linaegeshwa, halileti ubishi.

— Nyie watoto, alisema Gia. Mimi nilivuta lori zima, limejaa saruji, kwa mikanda ya suruali za abiria kumi na moja. Kilomita arobaini.

— Na abiria?

— Walitembea nyuma, wameshikilia suruali.

— Wote?

— Mmoja alikuwa amevaa kanzu. Huyo ndiye aliyeelekeza magari.

Mkate alicheka pamoja nao, kicheko cha mdomoni tu. Kila mmoja alipofungua mdomo, alingoja kusikia neno breki. Kuna wakati Gia aliinua kidole na kusema, “La maana kuliko yote ni huyu wa nyuma,” na Mkate akaweka kikombe chini. Lakini Gia alimalizia kwa kusema huyo wa nyuma awe na kitambaa chekundu, na wote wakaafiki. Mkate alishusha pumzi. Kisha alijionea aibu kwa kushusha pumzi.

Shemeji alifika saa tano na nusu. Alisogeza pikapu yake mbele ya ile iliyozimika, akashuka, akasalimia benchi kwa jumla. Kwa Mkate alitikisa kichwa tu. Tangu mwaka jana, Mkate alipoazima gari la shemeji, akalirudisha taa ya nyuma imevunjika na kusema ni mbuzi aliyeivunja, shemeji alikuwa anazungumza naye kupitia kwa dada yake.

Alifunga kamba kwenye kulabu ya nyuma ya gari lake na ya mbele ya lile jingine, akaikanyaga kuipima. Benchi lilimshauri kutoka pande tatu. Alisikiliza kwa adabu na hakufuata hata moja. Alipomaliza alijifuta mikono na kuuliza:

— Pale kwenye mteremko wa gereji, mimi nikishika breki, huyu wa nyuma atashika nini?

— Usukani, alisema Bingwa.

— Breki zake zikoje?

Msomi alimtazama Bingwa. Bingwa alimtazama Gia. Gia alitazama ndani ya kikombe. Walikuwa wamelivuta gari hilo kwa maneno asubuhi nzima, na hakuna aliyekuwa amefikiri kwamba litahitaji kusimama.

Jibu la “ziko sawa” lilikuwa tayari mdomoni kwa Mkate. Alikuwa amelitumia wiki tatu na lilikuwa limelainika. Akaona mteremko ule, akaona mgongo wa shemeji yake kupitia kioo, na yeye nyuma akikanyaga hewa.

— Hazishiki, alisema.

— Injini ikizimika pedali inakuwa ngumu, aliingilia Gia kumwokoa. Hiyo kawaida. Unakanyaga kwa nguvu tu.

— Si ngumu, mzee. Inazama.

— Tangu leo? aliuliza shemeji.

— Wiki ya tatu.

Shemeji aliinama akafungua kamba. Aliizungusha kati ya kiganja na kiwiko taratibu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ikaisha. Hakupandisha sauti.

— Dada yangu unampeleka kazini na gari gani kila asubuhi?

Msomi alikumbuka saa ya mtu, akaingia kibandani. Bingwa aliona mteja asiyekuwepo. Gia alinyoosha kikombe aongezewe, Bi Mkubwa akaliinamisha birika lote, na hakikutoka kitu.

— Fundi nitamleta hapa hapa, alisema shemeji. Hili halisogei. Jumatatu mikate utapakia kwangu, nitaendesha mimi. Dada yangu utamwambiaje, hilo siwezi kukusaidia.

Akatoa simu, akabonyeza namba, akampa. Mkate aliipokea kwa mikono miwili. Iliita mara tatu, kisha sauti ya mkewe ikaja, ya furaha, ya mtu aliyefurahi kupigiwa na kaka yake.

— Kaka! Vipi, mume wangu amefika gereji salama?

— Ni mimi, alisema Mkate.