Nyumba ya Thaddée Imejaa

Benchi letu la mtaa wa Kimanga liko mbele ya mlango wangu, nami huuza kahawa hapo kila asubuhi, mtoto mgongoni. Ulikuwa mwaka wa pili tangu turudi kutoka kukimbia vita. Walikuwapo watatu wa siku zote: Modeste, tunayemwita Avoka, yaani wakili, kwa kupenda kubisha, Donatien, Dokta kwa sababu aliwahi kufagia zahanati, na Gratien, yaani Radio. Walikuwa wakimsema jirani yetu Thaddée, aliyejaza nyumba makopo, magazeti na magunia mpaka mkewe Apolline akaenda kuzalia kwao Makobola.

— Jana ameokota tena shupa ya kupasuka, Radio alisema. Analalaka kwa kiti, pale mulangoni. Mugongo unamuuma.

— Ni ugonjwa, alisema Dokta. Ukitupa hata kopo moja, anatetemeka, chakula hakipite.

— Ugonjwa gani? Avoka akadakia. Anangojea Wabeleji barudi, abapokee na makopo yabo!

— Weye hujue kitu, Radio alisema. Anatengeneza mashua ya makopo. Vita ikirudi, atavuka ziwa peke yake.

— Itazama! Avoka akasema.

— Ikizama ataokota makopo mengine kule chini.

Tulicheka sote.

Ndipo akafika mwanamke mwenye vumbi hadi magotini. Ni Sabine, dada wa Apolline, aliyetoka Makobola kwa miguu kabla jua halijachomoza. Dokta alifuta benchi kwa kofia yake, akampisha. Nikampa kahawa.

— Apolline amezaa mutoto mwanaume, alisema. Anataka kurudi, lakini hakuna hata pa kumulalisha. Nimeomba shemeji tutoe bintu bya mu nyumba, amelia. Anasema bingine si byake, bantu balimuachia wakati wa kukimbia. Baba zangu, ni bya nani?

Avoka aliangalia ndani ya kikombe chake kilichokwisha kahawa zamani. Sisi tulivuka kwenda Burundi, Thaddée alibaki.

— Masini ya kushona ni yangu, Avoka alisema mwishowe, bila kuinua uso.

— Na miye, baiskeli, alisema Radio.

Mimi nilimkaza mtoto mgongoni, nikatafuta pa kuangalia. Kitanda kilichosimamishwa kwenye mlango wa chumba cha Apolline ni changu. Thaddée amekifunika kwa gunia, mvua inayovuja paani isikiharibu.