Chumvi ya Shimoni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya ndoo mbili za rangi, nje ya duka la fundi baiskeli, na wanaolikalia hawajawahi kukosa jibu la jambo lolote. Asubuhi ile Babu Kamba, aitwaye hivyo kwa kuwa kamba ya ng'ombe haimtoki begani, alifika bila dumu la maziwa. Muuza kahawa alimtazama mikononi, akammiminia kahawa isiyo na maziwa bila kuuliza. Ng'ombe wake watatu walikuwa wamebaki mmoja, na huyo mmoja tangu juzi hali wala hacheui.

— Wa pili naye kaenda? — aliuliza Fundi.

— Jana adhuhuri.

— Pole, Babu. Dizeli hiyo. Mtambo wa ile kampuni ya kuchimba mafuta unavuja, ng'ombe akinywa maji tumbo linageuka tangi.

— Dizeli gani? — alidakia Redio, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. — Ni mtetemo. Ile mashine ikichimba, ini la ng'ombe linachomoka, linabaki kuning'inia.

— Lako mbona halijachomoka, na unalala jirani na mashine? — aliuliza Fundi.

— Mimi nina miguu miwili, mtetemo unapita katikati. Ng'ombe ana minne, kashikika.

— Betri zako zimeoza wewe. Wale wanawasha moto huko chini. Nyasi inaiva ingali imesimama, ng'ombe anakula cha moto hajapuliza.

— Hamjui kitu — alisema Redio. — Ng'ombe ananusa mafuta kabla ya mtambo. Kampuni haitaki mashahidi.

— Ng'ombe akatoe ushahidi mahakamani? — alisema muuza kahawa. — Kunyweni, inapoa.

Babu alicheka kidogo, kwa adabu tu. Yeye alijua. Kila kiangazi ng'ombe hupelekwa kulamba chumvi ya magadi, mwendo wa siku mbili, na kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma. Mkewe ndiye alikuwa wa mbele. Mwaka huu, wa mbele hakuwapo. Basi alipoona ng'ombe wakinyoosha ndimi kwenye tope la shimo la mtambo, akalionja kwa kidole, akakuta chumvi, akaona amepunguziwa safari. Alikaa kando akiwatazama wanavyolamba. Walivyofurahi, hata yeye alifurahi.

Ndipo ikasimama pikipiki ya daktari wa mifugo, msichana mwenye buti zilizojaa tope jeusi na chupa za kupimia begini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Natoka kwenye shimo la taka za mtambo. Ukingoni pamejaa kwato, lakini uzio haujakatika. Ng'ombe waliingiaje?

— Waliruka — alisema Redio.

— Wa Babu waruke? Wale hata kukaa wanafikiria kwanza — alisema Fundi.

— Niliwainulia waya — alisema Babu. — Tope lina chumvi. Walilipenda.

Daktari hakumgombeza, na ingekuwa afadhali angemgombeza.

— Huyu aliyebaki asitoke siku kumi, mzee. Maji ya bomba, majani umkatie wewe. Na asiachwe peke yake: akilala ubavu tumbo litamjaa gesi, lazima ainuliwe hapohapo. Hata hivyo siwezi kukuahidi kitu. Sasa, ukienda kukata majani, nyumbani anabaki nani?

Redio, aliyejua yote yaliyo chini ya ardhi, alimtazama Fundi. Fundi akachungulia kikombe chake. Miaka yote wamekunywa maziwa ya mzee huyu, na tangu siku ya mazishi ya mkewe hakuna aliyekanyaga tena kwake. Muuza kahawa akashika kitambaa, akaanza kufuta birika lililokwisha kuwa safi.

— Anabaki huyohuyo mgonjwa — alisema Babu.