Mzee Saba, Mbeba Bendera ya Saa Mbili na Nusu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Saba, alizaliwa tarehe 14 Mei 1956, mtoto wa nne kati ya sita wa fundi seremala na mkewe. Mama yake alipenda kusimulia kwamba alichelewa kutembea mpaka majirani wakaanza kutoa ushauri. Siku alipoinuka, alivuka chumba kizima bila kuanguka, akageuka, akarudi kwa mwendo ule ule.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974. Katika mbio za shule hakuwahi kushinda chochote. Mwalimu wa michezo alimwambia, "Wewe mbio huna, ila pumzi unazo. Shika saa uwahesabie wenzako." Aliishika saa hiyo miaka minne, na hakuona aibu.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi, na hapo alikaa miaka thelathini na mitano. Kisu cha mashine hiyo kilishuka pale tu mkataji alipobonyeza vitufe viwili kwa mikono miwili. Waliotaka kumaliza mapema walikibana kitufe kimoja kwa kipande cha mbao ili mkono mmoja ubaki huru. Yeye hakufanya hivyo hata siku moja, na alistaafu mwaka 2011 akiwa na vidole vyake vyote kumi. Karatasi ya wasifu huu mliyoishika mkononi ilikatwa juzi kwenye mashine ile ile, na mkataji aliyefundishwa kazi naye.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na mkunga wa zahanati iliyotazamana na kiwanda. Hakukubaliwa kwa urahisi. "Mimi nimezoea watoto wanaokuja kwa wakati wao," mkunga alimwambia. "Na wewe usinisukume." Marehemu akangoja miezi kumi na minne. Walijaliwa watoto watatu.

Mbio alizianza akiwa na miaka hamsini na miwili, daktari alipomwambia presha inapanda. Alizunguka ukuta wa kiwanda kila baada ya kazi mpaka akaimudu nusu marathoni, kilomita ishirini na moja na kidogo. Mwaka 2012 waandaaji walimpa bendera iliyoandikwa saa mbili na nusu, aifunge mgongoni, ili wanaotaka kufika kwa muda huo wamfuate. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: dakika saba kwa kila kilomita, na zile dakika mbili zinazobaki ni za kwenye meza za maji. Hapo ndipo lilipotoka jina la Saba. Mkewe, ambaye hakuwahi kukimbia mbali, alijiandikisha mwaka huo kwa sababu bendera ilikuwa mgongoni mwa mumewe.

Kosa alilolijutia hadi mwisho alilifanya siku hiyo. Watu walishangilia, miguu ikawa myepesi, naye akazipita meza za maji bila kusimama. Alifika dakika tano kabla ya muda, mtangazaji akamsifu. Akageuka awapongeze wenzake, akaona lami tupu. Mkewe aliingia dakika kumi na saba baadaye, viatu mkononi.

"Umefika na nani, baba watoto?"

Marehemu akaanza kuifungua bendera mgongoni.

"Nilikuwa naiangalia bendera yako. Kwenye kilomita ya kumi na tatu ikanipotea. Nikasema moyoni, mimi ndiye niliyechelewa, nimekuwa mzigo. Kumbe mwenye kosa ni wewe uliyewahi."

Baada ya hapo mkewe hakukimbia naye tena. Kila mwaka marehemu alimwuliza, na kila mwaka mkewe alisema magoti yanamsumbua, ingawa magoti hayo hayo yalisimama zamu nzima katika chumba cha kujifungulia. Hakumshurutisha. Alibeba bendera mwaka baada ya mwaka, na hakufika mapema hata mara moja. Waliomfuata wanaikumbuka sauti yake: "Dada wa kofia nyekundu, punguza. Hakuna anayekufukuza, askari wote wako mbele wanafunga barabara." Aliyemtania kwamba haraka haraka haina baraka alijibiwa, "Na uvivu nao hauna. Mwendo wangu si wa polepole, ni wa sawasawa."

Oktoba 2023, bila kumwambia mtu, mkewe alitokea kwenye mstari wa kuanzia akiwa na namba kifuani.

"Magoti yamepona?"

"Yamesamehe kidogo. Tuone."

Kwenye kilomita ya kumi na tatu, pale pale, alianza kubaki. Marehemu aliiona nafasi ikipanuka. Nyuma ya bendera walikuwepo watu zaidi ya thelathini waliomwamini, na hakuweza kuwavunjia mwendo kwa ajili ya mmoja, hata akiwa huyo. Lakini zile dakika mbili hakuwa amezigusa. Kwenye meza ya maji iliyofuata aliwaambia wote wanywe, naye akasimama na kikombe kimoja, akakinywa kama mtu anayekunywa chai ya moto, jicho kwenye saa. Zilipobaki sekunde kumi, mkewe akafika.

"Kunywa, twende," marehemu akamwambia.

Walivuka mstari wote pamoja, saa mbili na dakika ishirini na tisa na ushei.

Februari 2024 alianza kupungua mwili, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho. Alilazwa mara tatu. Korido ya wodi ilikuwa hatua arobaini na sita mpaka dirishani. Kila asubuhi mkewe alimshika kiwiko wakazitembea, wakapumzika, wakarudi. Alipobakiwa na nguvu za hatua kumi, walitembea kumi. Asubuhi moja alilisema lililokuwa likimuuma kuliko ugonjwa.

"Mama watoto, nakuacha nyuma tena."

Mkewe alimfunga kifungo cha shati kwanza.

"Mara hii si kosa lako. Nenda kwa mwendo wako. Ukifika mezani, simama unywe maji. Nitakukuta."

Alifariki Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane. Mkewe alikuwa amemshika mkono, akizihesabu pumzi zake. Anasema zilipungua, lakini hazikuharakisha, mpaka ya mwisho.

Ameacha mjane, watoto watatu, ambao ni mwalimu, fundi umeme na muuguzi, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na watu wengi wasio ndugu zake ambao waliujua mgongo wake kuliko uso wake. Bendera iko nyumbani, nyuma ya mlango wa chumbani. Mjane amesema isiondolewe.

Apumzike kwa amani, pale aliposimama. Nasi tuko njiani.