Bi Mehrunnisa wa Maktaba na Swali Lake, "Umejuaje?"

Wasikilizaji wapendwa, nawaamkua nyote majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Bi Mehrunnisa Tayebali, tuliyemzika Jumatatu hapa kisiwani Mombasa. Miaka yote ya vita, na baada ya vita, alikuwa mtunza maktaba katika shule moja ya wasichana Mji wa Kale. Wanafunzi walimwita Bi Mehru.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba cha juu, makabati mawili na meza ndefu. Vitabu vichache, vingine vimeliwa na mchwa. Msichana akienda kuuliza jambo hakupewa jibu. Alipewa vitabu viwili vya watu wawili tofauti, akaambiwa avisome vyote.

Mwanakuu, ambaye sasa ni mwalimu, alitakiwa kuandika insha juu ya visima vya mji. Kitabu kilisema maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Bibi yake alikuwa akiyanywa tangu utotoni.

"Nikamwuliza Bi Mehru niandike lipi," Mwanakuu aliniambia. "Akasema, 'Mwenye kitabu amejuaje? Aliyaonja, au alisimuliwa? Na bibiyo naye?' Tukakipekua kitabu chote. Mwandishi hakusema popote kwamba alifika Mombasa. Akaniambia, 'Andika maneno yote mawili, useme kila neno umelitoa wapi. Kisha nenda kaonje.' Nikaenda. Yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yananyweka. Nikaandika hivyo hivyo."

Mwaka 1942, wasikilizaji wapendwa, mumewe Saifuddin aliondoka bandari ya Kilindini. Alikuwa karani katika meli ya mizigo. Meli haikufika ilikokwenda. Wenye meli hawakuwa na habari zaidi ya hiyo.

Hapo maneno yakaanza. Huyu asema Saifuddin amezama. Huyu asema ameonekana Bombay, ameoa. Huyu asema amefungwa na Wajapani. Bi Mehru aliwapokea wote kwa adabu, akawauliza kama alivyowauliza wanafunzi wake. Umejuaje? Ulimwona? Nani alikwambia? Hakuna aliyeona.

Mdogo wake, Bi Sabira, anakumbuka. "Tulitaka tumsomee Saifuddin khitma, roho zitulie. Dada akasema, 'Sijui kama yu hai, sijui kama amekufa. Nikiwa sijui, nitamzikaje?' Kila Ijumaa aliifua kanzu ya mumewe na kuipiga pasi. Nikamwambia, dada, itachakaa kwa kufuliwa. Akanijibu, 'Isije ikanuka sanduku siku akifika.'"

Miaka ikapita hivyo. Vita vikaisha, waume wa wenzake wakarudi. Yeye aliendelea kufungua maktaba kila asubuhi.

Mwaka jana akatokea mtu anaitwa Kaingu. Alikuwa akitia makaa katika meli ile ile. Meli ilipigwa na nyambizi. Yeye aliokolewa na meli nyingine, akapelekwa hospitali Durban, akabaki huko akifanya kazi mpaka alipopata njia ya kurudi. Alisimama mlangoni mwa maktaba, kofia mkononi. Mwanakuu alikuwamo, na wasichana wake.

"Bibi, mumeo alifariki," alisema.

"Umejuaje, ndugu yangu?"

"Tulikuwa mashua moja baada ya meli kuzama."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimshika mkono mpaka ukapoa. Mimi na wenzangu ndio tuliomshusha majini. Alikuwa akimtaja Mehru. Sikumjua Mehru ni nani. Nimeuliza tangu niliposhuka Kilindini."

Bi Mehru akawageukia wasichana. "Huyu alikuwako," akawaambia. Kisha akaketi, akalia mbele yao.

Khitma ilisomwa. Bi Sabira alidhani dada yake sasa atapumzika. Haikuwa hivyo. "Aliniambia, 'Sabira, kwanza nilikuwa nangoja. Mwenye kungoja ana kazi, siku zinakwenda. Sasa nimebaki na hamu tupu.' Mwaka haukutimia, naye akaenda."

Bi Sabira, jamaa wote wa mtaa wa Kibokoni, Mwalimu Mwanakuu na wasichana wa shule, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nasi tuliobaki tufikiri. Ukisikia habari ya mtu, kabla hujaipeleka mlangoni kwa mkewe au mamake, jiulize umeipata wapi. Lakini kama ulikuwako, ukaona kwa macho yako, usikae nayo. Nenda ukaseme. Yuko mtu anangoja.