Kilo Nane za Uongo

Kijiwe chetu kimeegemea kibanda cha uwanja wa ndege, hapa kisiwani Niuatoputapu, upande usiopigwa jua asubuhi. Benchi moja, sufuria la koko ya moto la Meliame, na watu ambao hawasafiri kwenda popote. Siku ya ndege, mara moja kwa wiki, tunawahi kuliko abiria. Yupo Folau, tunayemwita Mnara kwa sababu anaongoza ndege zote kwa mdomo na hajapanda hata moja. Yupo Sekope, Askofu, mwenye methali ya kila ugonjwa isipokuwa ule unaoumwa. Na mimi, ninayewanywea koko yao wakibishana. Ijumaa ile abiria sita walikwisha kupimwa, kila mmoja na mzigo wake. Katika uzito ambao ndege inaruhusiwa kubeba zilibaki kilo mia na kumi na nane, na abiria mmoja: Shangazi Kalolaine, dada yake Mnara, na mkeka wa harusi ya binti wa kaka yao, kesho yake kisiwani Tongatapu. Akapanda mizani, mkeka begani. Siaosi mpimaji akachungulia mshale.

— Mia na ishirini na nne.

Mnara alikuwa keshakimbilia nyuma ya tangi la maji, vidole masikioni. Kwetu ni mwiko: kaka hasikii uzito wa dada yake, hata ungekuwa kilo mbili.

— Zimezidi sita, Shangazi. Labda mkeka ubaki.

— Ubaki, niende na nini, na makofi? Nimeusuka miezi tisa! Shangazi mikono mitupu, harusi itaanzia wapi?

— Basi ubaki wewe, mkeka uende.

— Siaosi! — benchi zima.

Askofu akajikohoza.

— Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu gani? — Shangazi akamrukia. — Ndege nyingine wiki ijayo! Bibi harusi atakuwa keshamchoka mume!

Mnara akarudi, anafuta jasho.

— Mizani hiyo ndiyo mbovu. Chumvi ya bahari imeingia kwenye springi, sasa ina presha.

— Si chumvi, — Askofu akasema. — Sisi ni majirani wa mstari wa kubadili tarehe. Hiyo inasoma uzito wa kesho.

— Na kesho ni karamu, — nikadakia. — Keshakula nguruwe wawili!

— Jamani, — Mnara akasema, — nipo.

— Samahani, kaka, — nikasema. — Basi mimi nasema inapima na dhambi. Ndiyo maana Askofu haipandi.

Meliame alikuwa anakoroga koko. Alifundisha hesabu miaka kumi na tisa, kabla magoti hayajamstaafisha.

— Siaosi, ikiwa tupu inasoma ngapi?

— Hata sijui. Kutu imekula namba zote chini ya thelathini. Mshale unalala humo humo.

— Basi uongo wake tuuite x. Kila anayepanda anaongezewa x. Nipe watu wawili wazito, mmoja mmoja, halafu pamoja.

— Si Shangazi huyu hapa, na kaka yake...

Kelele tulizopiga, kuku waliruka ua. Kaka na dada juu ya mizani moja! Mnara alirudi tangini bila kufukuzwa.

— Nisameheni, — Siaosi akasema. — Joto.

Tukapanda sisi. Askofu, themanini na tisa. Mimi, tisini na saba. Kisha wawili tumekumbatiana kama maharusi: mia na sabini na nane. Meliame akaandika sakafuni kwa makaa.

— Themanini na tisa na tisini na saba?

— Mia na themanini na sita! — sauti ya Mnara, kutoka tangini.

— Humo mna Askofu, mna huyu mpiga domo, na x mbili. Walipopanda pamoja mizani ilidanganya mara moja tu, x moja. Toa.

— Mia na themanini na sita, toa mia na sabini na nane... nane!

— Ndiyo x hiyo.

Askofu alivua kofia.

— Huyu mama kamkamata mwongo kwa kumwacha aseme mara tatu!

Siaosi akataka uhakika. Akamwita Mnara kutoka tangini, wakapanda wao: themanini na moja, mia na moja, pamoja mia na sabini na nne. Nane tena! Mnara akatangaza kwamba amepungua kilo nane bila kuacha hata kiazi.

Meliame akamnong'oneza Shangazi: mia na kumi na sita, na mkeka wake. Mnara akiimba wimbo wa kanisani kwa nguvu, kwa makusudi.

— Meliame, — Shangazi akasema, — mkeka nitakaousuka baada ya huu ni wako. Nimeapa.

Rubani, binti mgeni ambaye hajawahi kutua kwetu kabla ya siku ile, akaja kuchukua karatasi zake. Tukamsimulia midomo minne kwa mpigo. Akaitazama ile hesabu sakafuni muda mrefu.

— Hii ni hesabu tamu kabisa. Kumbe hata wale sita wamebebeshwa nane nane za bure! — Akamgeukia Siaosi. — Imeanza lini kudanganya?

Siaosi akamtazama Askofu. Askofu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwaka juzi aliachwa hapa hapa kwa kuzidi kilo tano kwenye mizani hii hii, mama yake akazikwa Tongatapu bila yeye.

Shangazi akapanda ndege. Meliame akainamisha sufuria, akamjazia Askofu koko ya mwisho, na hakuna aliyedai yake.