Kioo Namba Kumi na Tisa cha Mwalimu Hilda Mapunda

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 1979, sauti moja ilisikika Ruhuwiko, sarafu ikigonga dirisha la mkunga, na aliyegonga alikuwa marehemu mzee Yohanes Mapunda, kwani mkewe, mama yetu Notburga, alikuwa ameshikwa na uchungu, na kabla jogoo hajawika Hilda alikuwa amezaliwa, mtoto wa tatu, binti wa pekee.

Alisoma shule ya msingi hapa Songea kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akamaliza kidato cha sita mwaka 2000, na Novemba 2004 akahitimu shahada ya ualimu wa fizikia.

Januari 2005 alipangiwa kufundisha Nalasi, wilayani Tunduru, na huko mkulima wa korosho, mzee Bashiru, alimkuta akiishangaa pampu ya kupulizia mikorosho, akamcheka, akisema, "Mwalimu, dawa haimwagwi kama chai! Puliza, ngoja ikauke, puliza tena," naye Hilda akayaandika maneno hayo kwenye daftari kama mwanafunzi.

Tarehe 22 Septemba 2007 alifunga ndoa na Aidan Nchimbi, wakajaliwa watoto wawili, Noela, aliyezaliwa Juni 2008, na Yohanes, aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 2010.

Septemba 2009 alikwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili, chini ya msimamizi aliye ndugu wa damu wa familia hii, ambaye wazee walikaa kikao wakaamua jina lake lisihusishwe na habari hii, tusijianike mbele za watu. Ndugu huyo amekuja leo na shada kubwa kuliko yote, na juzi aliomba asome yeye historia hii, tukamkatalia. Amekaa mstari wa pili. Karibu, ndugu, na usitoke mapema.

Kazi ya Hilda ilikuwa hii: kioo kinapitisha mwanga lakini hakipitishi umeme, na chuma kinapitisha umeme lakini hakipitishi mwanga, naye alitafuta kitu cha kupitisha vyote viwili, kama kile kilichomo kwenye skrini za simu zenu. Alichukua chumvi ya bati halisi, si mabati haya ya kuezekea, akaiyeyusha, akapasha vioo moto hadi nyuzi mia nne na hamsini, akapulizia ukungu kwa mtindo wa Nalasi, puliza, ngoja, puliza tena, mpaka utando wa oksidi ukashika, mwembamba kiasi kwamba macho yaliona rangi ya zambarau tu ikipita. Utando ukiwa mwembamba mno, umeme ulipita kwa shida, ukiwa mnene mno, mwanga ulififia, na kioo baada ya kioo aliitafuta njia ya katikati.

Ijumaa tarehe 4 Februari 2011, kioo namba kumi na tisa kilimponyoka, kikapata ufa usioonekana, na alipokipima mwanga ulipita vilevile, asilimia themanini na moja, lakini ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ulikuwa umepanda mara ishirini. Aliandika namba hiyo kwenye daftari lake la maabara, akakimbilia basi la Songea, kwa kuwa Jumapili Yohanes alikuwa anabatizwa. Aliporudi Jumatano aliugundua ufa, akaikata namba ile kwa wino mwekundu, asijue kwamba daftari lilikwisha kupigwa picha, ukurasa kwa ukurasa, na mtu aliyeomba udhuru wa kutofika ubatizoni.

Mwaka uliofuata makala ilitoka kwa jina la msimamizi peke yake, na Hilda alipowasilisha tasnifu aliambiwa yeye ndiye mwizi, akaondolewa chuoni bila shahada. Lakini ndani ya makala ile kioo namba kumi na tisa kipo, ukinzani wake upo, na zipo kurasa nne za nadharia nzito zinazoeleza kwa nini umeme uligoma, wakati kilichogomesha ni ufa. Kioo chenyewe kipo mezani hapa, kimechorwa tarehe kwa mkono wa Hilda, na nakala ya makala iko pembeni yake. Wasomi mliofika, piteni mpime.

Hilda alirudi Songea akafundisha miaka kumi na miwili, akaugua saratani ya titi Machi 2023, na Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa kumi jioni, akafariki. Baba Paroko alituomba tusamehe, tukamjibu kwamba tumesikia, ila tuzike kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ruhuwiko waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake waliomshikia vipindi, na mzee Bashiru, aliyetoka Nalasi kwa ajili ya mazishi haya.

Neno la mwisho mama Notburga ametuamuru tulisome alivyolitamka, akiwavunjia wazee kikao chao: "Lala kwa amani, mwanangu Hilda. Nilinyamaza kwa sababu nilimlea mimi, nikamlisha sahani moja na wewe. Aliyekuibia ni mtoto wa kaka yangu, Polikarp Luambano."