Eafoni ya Babu Ndani ya Pindo la Pazia

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na limebanwa kati ya kibanda changu cha viatu na chumba cha mshonaji tunayemwita Mama Vifungo. Wanachama wa kudumu, ukiacha mimi, ni watatu: Sukari, muuza kahawa, Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja kichwani, na Injinia, ambaye hajasomea uhandisi popote, ila huwezi kufungua hata kopo mbele yake bila kuelekezwa. Mimi wananiita Gundi. Siku hiyo ilikuwa saa tisa na robo alasiri, kahawa ndiyo kwanza imemiminwa, Mama Vifungo akatoka mbio amekumbatia pazia, na kwenye pindo la pazia kulikuwa kunaning'inia waya mweusi.

— Nimekwisha, jamani. Nimeishona eafoni ya baba!

— Umeshona nini? akauliza Kipara.

— Eafoni! Niliivaa nikiwa napinda pazia, waya ukaingia chini ya sindano. Umetobolewa mara tatu kabla sijasimamisha cherehani.

Vikombe vyote vikawekwa chini, maana eafoni hiyo tunaijua. Baba yake, Babu Betri, masikio yalimchoka zamani. Redio ikipigwa kwa sauti ya kuhamisha mtaa, yeye anauliza kama betri imeisha. Mjukuu wake, binti wa Mama Vifungo, alipopata mshahara wa kwanza kule kituo cha redio alimnunulia eafoni ya ghali, ya kufunika sikio zima, na tangu hapo mzee akarudi duniani. Huilaza kwenye kitambaa cha miwani, na mtu haigusi. Na leo saa kumi kamili, baada ya miaka miwili ya kuwaandikia wenzake habari, binti huyo alikuwa anasoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza.

— Mzee anajua? nikauliza.

— Amelala ndani, akanong'ona Mama Vifungo. Saa kumi kasoro dakika tano ataamka adai vitu vyake.

— Sasa unanong'ona ya nini, na yeye hasikii? akasema Sukari.

— Hasikii, lakini midomo anaisoma!

— Si umpe nyingine, hizi ndogo za simu?

— Nilishampa. Alisema ni nyuki ndani ya chupa.

Injinia akanyoosha mkono kama daktari.

— Lete hapa. Kazi ya dakika mbili.

Dakika mbili za Injinia nazijua. Aliwahi kunitengenezea taa ya kibanda kwa dakika mbili, nikalala gizani wiki nzima. Lakini huna jinsi. Nikatoa wembe wangu, tukafumua mishono, tukakata kipande kilichotobolewa. Ndani ya waya tukakuta nyuzi nyembamba kuliko nywele: nyekundu, kijani, na za rangi ya shaba. Injinia akasokota nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, shaba kwa shaba, akazungushia tepu. Redio ya mzee ikaletwa kutoka dirishani, pini ya eafoni ikachomekwa.

Kimya.

— Ongeza sauti, akasema Kipara.

— Iko mwisho.

— Basi tupake gundi, nikasema mimi. Waya umelegea huo.

— Wewe hata ukiugua malaria utapaka gundi! akafoka Injinia. Kaa kimya nifikiri.

Akafikiri. Tukamwona anavyofikiri, jasho linamtoka puani.

— Tatizo ni mwelekeo. Tumeunga juu chini. Sauti inatoka redioni, inafika kwenye fundo, inageuka inarudi.

— Inarudi wapi? akauliza Sukari.

— Inarudi ilikotoka. Studio.

— Kwa hiyo saa hizi wao ndio wanatusikia?

Hapo hata mimi nikapunguza sauti. Kipara akajifuta kipara kwa taulo, akakaa wima kama aliyetembelewa na wakwe. Sukari, ambaye haachi nafasi ya biashara ipite, akainamia sikio moja la eafoni:

— Haloo? Kahawa ya tangawizi, benchi la fundi viatu. Karibuni.

— Tokeni hapo! akalia Mama Vifungo. Saa tisa na dakika arobaini, nyie mnatangaza kahawa!

Injinia akafungua tepu, akageuza, akaunga upya. Kimya kilekile. Ndipo Kipara akatuletea elimu yake ya kinyozi.

— Mimi naona hivi. Nyekundu ni sauti ya kike, kijani ni ya kiume, hizo za shaba ni muziki. Si anasoma binti? Basi kijani kinamzuia. Kikateni.

— Nani kakwambia? nikamuuliza.

— Fikiria mwenyewe. Ukisikiliza mpira, ni wanaume watupu. Ule wote unapitia kijani.

— Na akihojiwa waziri mwanamume katikati ya habari?

— Huyo, mzee hana haja naye.

Cha kutisha ni kwamba Injinia alikubali. Alishika mkasi wa Mama Vifungo, ule mkubwa wa kukatia vitambaa, na Mama Vifungo mwenyewe hakumzuia. Alikuwa ameketi pembeni ya benchi, mikono mapajani. Nilimwonea huruma kweli.

— Nilitaka kusikia tu kama wanamtaja, akasema. Kwamba leo habari atasoma fulani. Bora ningengoja. Mtoto kanipigia asubuhi, sauti inatetemeka: "Mama, babu asikose." Nikamwambia hatakosa. Sasa nitamtazama vipi baba?

Mkasi wa Injinia ukabaki wazi hewani, na ndipo mwanamke mmoja mwenye ovaroli la bluu akasimama mbele yetu, mikono imejaa grisi.

— Habari za saa hizi. Nimefuata mapazia yangu.

Mama Vifungo akanyanyua lile pazia. Pindo lilikuwa limefumuliwa nusu, na alama ya kikombe juu. Tukangoja matusi. Mwanamke akatazama pazia, akatazama mkasi, akatazama waya.

— Mnaunga eafoni?

— Tunamalizia, akasema Injinia.

— Na ile rangi mliitoa?

— Rangi gani?

— Ya kwenye nyuzi.

Injinia akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Kipara. Kipara akatazama kijani chake. Sukari akakumbuka kwamba jiko linahitaji kupulizwa.

— Si ndivyo zilivyozaliwa? akasema Kipara hatimaye.

— Hiyo ni vanishi, haipitishi umeme, akasema yule mwanamke, na wala hakutucheka. Mimi nasuka mota za pampu. Shaba yote tunayosukia imepakwa hivyo, isigusane. Mmefunga nguo kwa nguo, miili haijakutana. Nani ana kiberiti cha gesi?

Sukari akampa. Mwanamke akafungua tepu, akapitisha ncha za nyuzi kwenye moto, sekunde moja moja tu, akazikwangua taratibu kwa ukucha mpaka shaba ikang'aa. Ncha za nyekundu, kijani na shaba zote zikawa rangi moja, na Kipara akashusha pumzi kwa huzuni. Fundi wa mota akasokota rangi kwa rangi, akatenganisha kwa tepu.

Hatukupata nafasi ya kujaribu. Babu Betri alikuwa mlangoni, shati la kutokea limefungwa hadi shingoni, mkono umenyooshwa.

— Vitu vyangu!

Akaketi katikati yetu, akavaa. Tepu aliiona, akaipapasa, akamtazama binti yake. Mama Vifungo akainamisha uso. Mzee akachomeka pini mwenyewe, akafumba macho. Saa kumi.

— Baba, inasikika? Mama Vifungo akamgusa goti. Baba?

— Nyamaza! Mtoto anasoma!

Tulirukaruka pale mpaka tofali likachomoka. Kipara akamkumbatia fundi wa mota, grisi na yote. Kisha tukagundua kwamba sisi wenye masikio mazima hatusikii kitu, maana pini ikishaingia spika inanyamaza. Kipara akaipelekea mkono, Mama Vifungo akamchapa.

— Akikosa hata neno moja, kesho utanyoa kwa mguu. Baba, anasemaje?

Mzee akatusomea, kwa sauti ya kufika barabara ya pili.

— Kesho maji hakuna mtaa wa juu, siku nzima!

Tukashangilia. Mimi naishi mtaa wa juu.

— Bei ya mafuta imepanda!

Tukashangilia tena, na mwenye pikipiki aliyekuwa anapita akatutukana.

— Anababaika? akauliza Mama Vifungo, neno moja moja, usoni kwa baba yake. Sauti inatetemeka?

— Ilitetemeka kwenye maji. Kwenye mafuta imekaa.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akavua eafoni, akailaza mapajani.

— Amemaliza. Amejitaja.

— Amejitajaje?

— Jina lake, halafu langu, akasema Babu Betri, safari hii kwa sauti ndogo mpaka tukainama kumsikia.

Mama Vifungo akalia waziwazi, ameziba uso kwa pazia la watu, na mwenye pazia akamwambia alie tu, pazia ataligeuza upande wa pili.